Nisiporudi kazini, nirudishe hela yote ya uzazi?

Shikamoo shangazi.

Naandika hii saa tisa usiku. Mtoto amelala kifuani, nikimshusha tu kitandani anaamka, kwa hiyo nachapa kwa kidole gumba kimoja. Makosa utanisamehe.

Mimi ni nesi, nina miaka mitatu na nusu kwenye hospitali moja ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, huku Reading, Uingereza. Likizo ya uzazi niliianza tarehe 5 Mei mwaka jana, binti yetu akazaliwa tarehe 24 mwezi huo huo. Malipo yaliisha tarehe 1 Februari, sasa niko nyumbani bila mshahara, na likizo yenyewe inakwisha tarehe 3 Mei mwaka huu.

Sasa mambo yamebadilika. Baba Nayla amepata kazi Leicester, anaanza Aprili. Kaka yake yuko huko, na nyumba za kupanga ni nafuu kuliko huku. Nikaona sina haja ya kurudi kazini. Nasari ya karibu ilitutajia pauni 78 kwa siku, yaani 390 kwa wiki, na mimi mshahara wangu kabla ya makato ni kama 600 kwa wiki. Ukitoa kodi, pensheni na nauli, nitakuwa namfanyia kazi mwenye nasari. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaihifadhi kwenye simu nipate kuisoma tena asubuhi.

Kabla sijaituma, mwenzangu wa wodini akanipigia kunijulia hali. Nilipomwambia, akashtuka: "Wewe, ukiacha unarudisha hela yote ya likizo!" Nikabisha. Akaniambia nikaangalie fomu yangu. Nikachakura kwenye bahasha ya makaratasi ya kliniki, nikaikuta. Kuna kisanduku kinasema nakusudia kurudi kazini baada ya likizo, nimeweka tiki, na sahihi yangu iko chini. Niliijaza nikiwa na mimba ya wiki 25, miguu imevimba, katikati ya zamu. Sikusoma kitu.

Nikatoa hati zangu za mshahara nikajumlisha. Nimelipwa pauni 16,002 na peni 58 tangu likizo ianze. Akiba yetu yote ni 2,900, na hiyo ndiyo ya kumpa mwenye nyumba Leicester.

Mume wangu anasema tuhame tukae kimya, watatupata wapi. Mama yangu Tanga anasema dawa ya deni ni kulipa, halafu dakika hiyo hiyo anauliza, "Lakini hela ya uzazi inadaiwaje? Mimi nimezaa wanne nikiwa serikalini, hakuna aliyenidai." Mkuu wa wodi nilimuuliza kwa kuzunguka, akasema niongee na ofisi ya utumishi. Utumishi nimeogopa, nisije nikajulikana nataka kuondoka.

Ukaazi wa kudumu tunao, kwa hiyo mambo ya viza hayanisumbui. Shangazi, ni kweli nadaiwa 16,000?

Mama Nayla, Reading

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya Nayla.

Barua iliyo kwenye simu iache hapo hapo ilipo. Usiifute, usiitume.

Hudaiwi 16,000. Huyo mwenzako alikutakia mema, ila amechanganya hela mbili zinazoingia siku moja kwenye akaunti moja. Ya kwanza ni malipo ya uzazi ya kisheria, yale yanayoandikwa SMP kwenye hati ya mshahara. Hayo sheria ya Uingereza inakupa kwa wiki 39, na ukishayapata ni yako. Urudi kazini, usirudi, uhamie Leicester au urudi zako Tanga, hakuna mwajiri anayeweza kukudai SMP kwa sababu hukurudi. Ya pili ni nyongeza anayoitoa mwajiri kwa hiari yake juu ya hiyo ya kisheria, na mwenye kutoa nyongeza ana haki ya kuiwekea masharti. Kinachoweza kudaiwa ni hiyo ya pili peke yake.

Sasa chukua kalamu. Wauguzi wa NHS mnalipwa mshahara kamili wiki 8, kisha nusu mshahara pamoja na SMP wiki 18, kisha SMP tupu wiki 13. Kwa mshahara wako wa 600 kwa wiki, wiki 8 za kwanza ni 4,800. Zile 18 ni 300 ya nusu mshahara jumlisha 187.18, ambayo ndiyo SMP ya mwaka wa kodi 2025/26, kwa hiyo 487.18 kila wiki, jumla 8,769.24. Za mwisho 13 ni 2,433.34. Ukijumlisha unapata 16,002.58 yako uliyoiona, kwa hiyo hesabu yako ilikuwa sawa hadi peni.

Lakini ndani ya hiyo, SMP ni ngapi? Wiki 6 za mwanzo SMP ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara, yaani 540 kwa wiki, jumla 3,240. Wiki 33 zilizobaki ni 187.18 kila moja, jumla 6,176.94. Zote pamoja ni 9,416.94, na hizo hazigusiki. Toa kwenye 16,002.58: zinabaki 6,585.64. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho hospitali inaweza kukuambia urudishe. Ni hela nyingi bado, najua, hasa kwa mtu mwenye akiba ya 2,900. Ila umeshapungukiwa mzigo wa zaidi ya pauni 9,000 na bado hatujaanza kuongea.

Tena hiyo 6,585.64 ni kabla ya makato. Wewe hukuipokea yote mkononi, sehemu ilikwenda kwenye kodi, bima ya taifa na pensheni. Wakikuletea hesabu, waulize wamehesabu kabla ya makato au baada, na waeleze kodi uliyolipa kwenye hela hiyo inarudije. Watu wengi hawaulizi hilo, wanalipa hadi kodi ambayo haikuwahi kukaa mifukoni mwao.

Haya, tuje kwenye ile tiki yako.

Ulichoahidi pale si kurudi Reading. Masharti ya kazi ya NHS, sehemu ya 15 ya ule mwongozo wa ajira unaowahusu ninyi, yanasema mfanyakazi arudi kwa mwajiri yule yule au mwajiri mwingine wa NHS, afanye kazi angalau miezi mitatu. Na anayeshindwa kurudi ndani ya miezi 15 tangu likizo ilipoanza ndiye anayetakiwa kurudisha, isipokuwa SMP. Soma tena hapo kwenye mwajiri mwingine wa NHS. Leicester kuna hospitali za NHS, kubwa tu, na manesi wanatafutwa. Likizo yako ilianza 5 Mei 2025, miezi 15 inakufikisha mwanzoni mwa Agosti 2026. Ukipata kazi ya unesi kwenye NHS huko Leicester ukaanza kabla ya hapo, ukakaa miezi mitatu, hakuna wa kukudai hata pauni moja. Deni unaloliogopa linafutwa na kitu ambacho pengine ungekifanya hata hivyo baadaye.

Kwa hiyo ungeituma ile barua saa tisa usiku bila kazi nyingine mkononi, ungekuwa umejinunulia deni la 6,585.64 kwa kidole gumba kimoja.

Anza kuomba sasa, usingoje Mei. Ukaguzi wa rekodi, barua za wadhamini na uchunguzi wa afya kazini vinakula wiki nyingi kuliko mtu anavyodhani. Angalia iwe ni ajira ya NHS kweli. Kazi ya kupitia wakala binafsi, hata kama unavaa sare na kusimama kwenye wodi ya NHS, mwajiri wako ni wakala. Na ukitaka kuanza na zamu za kupigiwa simu tu, pata kwanza jibu la maandishi kutoka Reading kwamba watazihesabu.

Kuna jambo lingine ambalo hukulitaja, na naamini hulijui. Ukiwa kwenye likizo ya uzazi, likizo yako ya mwaka inaendelea kujikusanya kana kwamba uko kazini. Nesi wa chini ya miaka mitano ana siku 27 na sikukuu 8 za umma, jumla 35. Kama hukuzitumia kabla ya kujifungua, zinakusubiri. Kwa mshahara wako siku moja ni kama 120, kwa hiyo umekalia pauni 4,200 kabla ya makato. Ukihamia hospitali nyingine, Reading wanatakiwa wakulipe zile ambazo hukuzichukua. Ukiamua kuacha kabisa, basi wakulipe vile vile, na huenda wakapendekeza zikatwe kwenye deni. Hapo deni la 6,585.64 linabaki 2,385.64 kwa hesabu ya kabla ya makato.

Au uzitumie kama hivi. Siku 35 ni wiki 7 kamili. Likizo ya uzazi ikiisha 3 Mei, unaingia kwenye likizo ya mwaka ukiwa nyumbani na Nayla, mshahara kamili unaingia, hadi karibu tarehe 21 Juni. Miezi mitatu ni wiki 13. Kama hospitali yako inazihesabu wiki za likizo ya mwaka ndani ya hiyo miezi mitatu, umebakiwa na wiki 6 tu za kuvaa sare Reading kabla ya kufungasha. Hospitali hazifanani kwenye hili, kwa hiyo liulize kwa barua pepe upate jibu lililoandikwa. Baba Nayla atatangulia Leicester na begi moja, alale kwa kaka yake miezi michache. Si raha kulala peke yako na mtoto wa mwaka mmoja, lakini nimeona familia zetu zikitengana miaka kwa hela ndogo kuliko hiyo.

Nasari: hesabu yako ya 390 kwa wiki nadhani ni ya bei kamili. Tangu Septemba 2025, wazazi wanaofanya kazi England wanapata saa 30 kwa wiki zinazolipiwa na serikali, wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata mtoto akitimiza miezi tisa. Nayla ametimiza tarehe 24 Februari, kwa hiyo muhula wake ni wa Aprili na maombi yanatakiwa kabla ya 31 Machi. Aliye kwenye likizo ya uzazi anaruhusiwa kuomba mapema, ila kuna tarehe ya mwisho ya kuwa amerudi kazini, isome vizuri kwenye ukurasa wa serikali kabla hujachagua lini utarudi. Nasari watakutoza chakula na vikorombwezo, hilo lipo. Kwa saa zinazobaki kuna akaunti ya serikali ya malezi: ukiweka pauni 8 wanakuongezea 2, hadi 2,000 kwa mwaka kwa mtoto. Sharti la yote haya ni kwamba ninyi wawili mfanye kazi. Ukiacha, saa 30 nazo zinaondoka, na ile hesabu uliyoifanya ya kumfanyia kazi mwenye nasari inabidi uirudie upya ukiwa umelala vizuri.

Unaweza pia kuomba kurudi kwa saa chache. Tangu 6 Aprili 2024 kila mfanyakazi ana haki ya kuomba kubadilishiwa saa kuanzia siku ya kwanza ya kazi, mara mbili ndani ya miezi 12, na mwajiri ajibu ndani ya miezi miwili. Hawalazimiki kukubali, lakini wanalazimika kukupa sababu inayoeleweka.

Tuseme umesoma yote haya na bado moyo unakataa. Unataka ukae na mwanao hadi atembee vizuri, basi. Ni haki yako na sitakusukuma. Fanya hivi: omba utumishi wakupe hesabu kwa maandishi, inayotenganisha SMP na nyongeza yao, na wakuonyeshe kifungu wanachokitumia. Kuuliza si kujiuzulu, mwanangu. Unaweza kuuliza "sera yenu ya uzazi inasemaje kuhusu kurejesha" bila kusema unakwenda wapi. Kama bado unaogopa, mtume mwakilishi wa chama chako, awe wa RCN au UNISON, aulize kwa niaba yako, ndiyo kazi mnayomlipia ada. Kisha ujue kwamba masharti yale yale ya NHS yanampa mwajiri ruhusa ya kusamehe deni pale ambapo kulidai kutamletea mtu shida au mateso yasiyostahili. Hawatakusamehe kwa sababu hukusoma fomu. Lakini mtu mwenye mtoto mchanga, aliyehama na mwenye akiba ya kodi ya nyumba tu ana la kusema, na akiandika kwa heshima anasikilizwa. Wasiposamehe, omba ulipe kidogo kidogo. Taja mwenyewe kiasi unachoweza, hata pauni 100 kwa mwezi, usingoje wakutajie wao. Na wasikate tu mshahara wako wa mwisho: sheria ya haki za ajira ya 1996 inataka kuwe na kifungu cha mkataba au idhini yako ya maandishi kabla.

Mumeo anayesema "watatupata wapi", mwambie watawapata. Jina lako, namba yako ya bima ya taifa na usajili wako wa unesi vyote viko pale, na England mdai wa mkataba ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Hukumu ya deni isipolipwa inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6. Siku mtakapotaka kununua nyumba hiyo hiyo Leicester, benki itaiona kabla haijaona majina yenu.

Na kwa wengine mnaosoma na hamko NHS: msichukue miezi yangu mitatu mkaibandika kwenye mkataba wenu. Kampuni na vyuo kila mmoja ana yake. Kuna wanaotaka mwezi, kuna wanaotaka mwaka, na kuna wasiotaka chochote, na kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba nyongeza inarudishwa, basi hairudishwi. Ila msijidanganye kwamba kifungu kama hicho ni batili kwa sababu kinawaumiza wanawake. Wanawake walishakipeleka Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 27 Oktoba 1998 wakashindwa kwenye hoja hiyo. Mahakama ilisema mwajiri anaweza kudai kilichozidi malipo ya kisheria. Na mwajiri wao alikuwa nani? Tume ya Fursa Sawa ya Uingereza, chombo chenyewe cha kutetea usawa wa wanawake kazini! Nikikumbuka hilo huwa nacheka kwa uchungu. Walio kwenye viza ya kudhaminiwa na mwajiri, ninyi pigeni hesabu ya viza kabla ya hii ya pauni. Mkiacha kazi mwajiri anatoa taarifa, na kwa kawaida mnabaki na siku 60.

Mama yako wa Tanga yuko sawa kushangaa. Nyumbani sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, mwajiri hana nyongeza ya kumpa wala ya kumdai. Wewe umekaa nyumbani miezi tisa ukilipwa. Mweleze hivyo, halafu umwombe akuombee kazi ya Leicester itoke kabla ya Agosti.

Kesho Nayla akilala mchana, usifue nguo. Fungua ukurasa wa ajira za NHS, andika Leicester, ujaze fomu ya kwanza. Hii usome kila kisanduku.